Paa Lisilogusa Ukuta

Kijiji cha Ujamaa Kwembago,
Handeni.
9 Novemba 1974

Kwa dada yangu Zuena na shemeji Sadala,

Pokeeni salamu za mama, za mke wangu na za watoto. Sote tu wazima. Mvua bado, ila mahindi ya njano ya serikali yamefika na tumegawiwa, kwa hiyo hatulali njaa.

Mliuliza habari za mguu wa mama. Mguu unaendelea vizuri sana. Ni kidonda kidogo tu. Alijikwaa kwenye kisiki siku ile tunahamia kijijini, na majani anayofungia anasema yanakitosha. Anasema msijisumbue kuja, hiyo nauli wanunulieni watoto viatu. Anasema pia Zuena aache kulialia, yeye ni mtu mzima sasa.

Ni mimi,
Mhina Mwinjuma


Kwembago, Handeni.
11 Novemba 1974

Shemeji Sadala,

Barua ya juzi usiiamini. Niliiandika mama akiwa amekaa ubavuni kwangu, na kila mstari alitaka nimsomee kabla sijaanza mwingine.

Ukweli ni huu. Kidonda kimepanda kutoka kifundo cha mguu kuelekea muundi, na kinanuka. Mganga wa zahanati alinivuta pembeni akaniambia mama apelekwe Korogwe, hospitali kubwa, asafishwe kila baada ya siku mbili mpaka kifunge. Akikaa huku, mguu utakatwa. Kulazwa hawamlazi, maana vitanda ni vya wanaoshindwa kutembea kabisa. Na basi la kuja huko, wewe mwenyewe unalijua, linapita likipenda.

Nyumba yako iko karibu na hospitali. Nilipomtajia hilo mama alinitazama kama niliyemtukana. Akasema hajawahi kulala nyumbani kwa mkwe wake na hataanza kwa ajili ya mguu. Nikamwambia mama, utakatwa. Akasema basi atabaki na mmoja.

Sijui la kufanya, shemeji. Ninaogopa.

Mhina


Korogwe ya Zamani.
20 Novemba 1974

Shemeji Mhina,

Barua yako ilinikuta gengeni kwangu nimeshika gurudumu la baiskeli ya watu, nikaliweka chini. Zuena sijamwonyesha yote. Nimemwambia mama anakuja kutibiwa, basi.

Sasa nisikilize. Mama hataki kulala nyumbani kwangu, na mimi sitaki alale nyumbani kwangu. Miaka tisa nimemwona amejifunika kanga tu, na mimi naangalia chini. Tukikutana asubuhi uani, mimi na mswaki mdomoni, nadhani nitakufa kabla yake. Kwa hiyo atalala nje.

Usicheke. Nyuma ya nyumba nina lile jukwaa la mbao nililolijenga mwaka juzi, kwa kuwa kiwanja kinateremkia mtoni na masika maji yanapita hapo. Liko juu ya matofali, kimo cha kiuno, na mbao zake ni za milimani, hazijaoza hata moja. Kinachokosekana ni paa. Nitasimamisha nguzo, nilaze boriti, nipange mapau, nusu ya nyuma niezeke makuti na kuizungushia matete ya mtoni, iwe chumba chake. Nusu ya mbele nitaiacha fito tupu juu, Zuena apandishe pasheni, mama apate kivuli cha kukaa mchana aone watu wanaokwenda mtoni. Saruji haipatikani hapa hata kwa dawa, lakini kazi hii haitaki saruji. Inataka akili, nayo ninayo.

Mwambie ni nje. Mlango wake, ngazi yake, upepo wake. Mimi nitazungukia upande wa barabara kama mwizi.

Shemeji yako,
Sadala


Kwembago, Handeni.
29 Novemba 1974

Shemeji,

Nimemwambia. Jioni aliuliza kama kweli ni nje. Nikasema ni nje. Akasema, "Kama ni nje, nitakwenda nikaone."

Fanya haraka. Sasa mama hali chakula vizuri, na harufu tunaisikia tukiwa mlangoni. Zuena aje amchukue, mimi siwezi kutoka, tunalima shamba la pamoja na mimi ndiye balozi wa nyumba kumi.

Mhina


Korogwe ya Zamani.
8 Desemba 1974

Shemeji Mhina,

Kazi imekwisha, na ninakwambia imekwisha ikapendeza. Watu wanaoteremka mtoni wanasimama kuitazama. Jirani yetu Mama Yuditha, yule mjane wa kutoka Bumbuli, ameniuliza kama nina ndugu mzungu aliyenifundisha.

Nilipanga nguzo sita, mwisho nimetumia tatu tu. Usiniulize nimefanyaje, ni ufundi. Zuena anapanda basi Alhamisi kuja kumchukua mama.

Sadala, fundi


Korogwe ya Zamani.
16 Desemba 1974

Mhina,

Leo sikuiti shemeji.

Nadhani mama ameshafika huko, na pengine yuko ubavuni kwako tena. Kama yuko, msomee.

Ijumaa alipelekwa hospitali, kidonda kikasafishwa, akaletwa kwangu. Mimi nilijitenga nikakaa gengeni mpaka jua lizame, kama heshima inavyotaka. Zuena anasema mama alizunguka hadi nyuma ya nyumba, akalitazama jukwaa, akatazama juu, akasema, "Nirudishe Handeni." Hakuweka hata unyayo kwenye ngazi. Alikwenda kukaa barazani kwa Mama Yuditha, chai yangu akaikataa, chai ya Mama Yuditha akainywa, na asubuhi akapanda basi na mguu ule.

Hakusema kosa langu. Zuena amemwuliza mpaka amechoka. Mimi najua mwenyewe. Nimekulia kambini kwenye mkonge, baba yangu alikuwa mkata mkonge, hatukuwa na mji wala ukoo wa kujivunia hapa. Alipoliona jukwaa la mbao aliona kitanda cha kambini. Basi na iwe hivyo. Lakini mguu ukikatwa, mtu asije akasema Sadala hakujaribu.

Sadala Rajabu


Kwembago, Handeni.
23 Desemba 1974

Shemeji Sadala,

Nitakuita shemeji hata ukikataa, maana dada yangu bado uko naye.

Imenichukua siku tatu kumtoa mama neno. Hakutaka kusema kwa sababu mkwe hasemwi vibaya, wala kwa mkewe wala kwa mtu. Mwisho nilimwambia umeandika kwamba amekudharau kwa ajili ya kambi. Hapo alishtuka kweli. Akasema, "Nimdharau nini? Sakafu ile hata mzee wangu asingeipiga vizuri hivyo."

Tatizo si sakafu. Tatizo liko juu. Mama aliinua macho akaona boriti zako zimeingia ndani ya ukuta wa nyumba yako. Upande wa mbele nguzo tatu, upande wa nyuma hakuna kitu, ukuta wako ndio uliobeba. Huo ndio ufundi wako wa kuokoa nguzo.

Sikulaumu. Kambini hakuna aliyekufundisha haya, na mtu wa mjini angesema nje ni nje. Kwetu siyo. Paa linaloshikwa na nyumba ya mkwe ni paa la mkwe, hata likitandazwa mpaka Mombo. Akilala pale amelala chini ya paa moja na wewe, na huo uso hana. Angekubali kulala chini ya mwembe wako kuliko pale, na mvua inamnyeshea.

Alisema jambo moja zaidi. Alisema, "Ningependa kukaa pale." Alilisema akiwa amenipa mgongo.

Kidonda kile, kwa kusafishwa mara moja tu, kilipungua harufu. Sasa inarudi.

Mhina


Korogwe ya Zamani.
30 Desemba 1974

Shemeji yangu Mhina,

Jana nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikacheka mpaka Zuena akaja mbio. Wiki mbili nimenuna kwa ajili ya boriti. Nisamehe, na mwombe mama anisamehe kwa namna utakavyoona inafaa.

Nimezikata jana hiyohiyo. Nilichukua msumeno nikazikata boriti zote zilipoingia ukutani, nikaziba matundu kwa udongo. Sasa paa liko huru, ila limekuwa huru mno. Nilisimamisha nguzo tatu za nyuma juu ya zile mbao za sakafu, nikazigongomelea. Nikaligusa paa kwa kidole, likatikisika lote. Mtoto wangu mdogo akisema kwa sauti linaitika. Ukuta ndio uliokuwa umelishika, na mimi sikujua ulikuwa unafanya kazi kubwa namna ile.

Udongo wa hapa nao ni mweusi. Kiangazi unapasuka, masika unakuwa uji. Na miti ninayouziwa hapa mjini, mchwa wanaimaliza kabla ya Idi mbili. Wewe umejenga maghala huko, mimi nimejenga baiskeli. Niambie, paa linasimamaje bila kuegemea popote?

Sadala


Kwembago, Handeni.
7 Januari 1975

Shemeji Sadala,

Nguzo haisimami juu ya sakafu. Ipite kando ya jukwaa mpaka ardhini, na ardhini iingie kina cha mkono wako mzima hadi begani. Shimo usilijaze udongo wako mweusi. Tia kokoto za mtoni na udongo mwekundu kidogo kidogo, ushindilie kila unapotia, mpaka mti ulie ukiupiga. Kisha kila pembe weka mti wa mshazari kutoka nguzo kwenda boriti, kama mtu aliyeshika kiuno. Hiyo ndiyo itakayofanya kazi ya ukuta wako.

Na nguzo ziwe za panda, boriti zilale ndani ya panda, usitegemee misumari.

Miti usinunue. Leo asubuhi nilitembea mpaka mji wetu wa zamani, kule tulikohama. Nyumba ya mama imekwisha, kuta zimeanguka, mbuzi wa watu wanalala ndani. Lakini nguzo zimesimama. Ni mpingo, baba alizitafuta mwenyewe porini alipomwoa mama, zote za panda, na mchwa hawajazigusa mpaka leo. Nilisimama pale nikajiambia, zinangoja nini?

Nimechimbua sita. Ni nzito kuliko ulivyozoea, tafuta wanaume. Muhidini, dereva wa lori linaloleta mahindi kutoka stesheni yenu, anarudi tupu kila Jumanne, amekubali kukuletea.

Mama sijamwambia. Tangu tuhame hajawahi kulitaja jina la nyumba ile, nami naogopa kumfungulia. Nimemwambia tu kwamba mkwe amezikata boriti. Kesho yake nilimkuta amekaa kwenye kigoda anafua kanga zake zote.

Mhina


Korogwe ya Zamani.
27 Januari 1975

Shemeji Mhina,

Amepanda. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie, sasa vuta kiti.

Nguzo zako zilinivunja mgongo. Tulikuwa wanaume watano, na kaka yake Mama Yuditha, Kaleb, akiwa wa sita. Mashimo nilishindilia mpaka viganja vikachubuka. Nilipomaliza niling'ang'ania nguzo moja nikajaribu kuitikisa, nikatikisika mimi. Kati ya boriti na ukuta wangu nimeacha nafasi ya kupitisha mkono. Kaleb akaniuliza, mvua itakayoingia hapo katikati je? Nikamwambia iingie, ina njia yake.

Jumamosi mama alifika. Mimi safari hii sikuweza kwenda gengeni. Nilijificha nyuma ya ua wa Mama Yuditha, mtu mzima na ndevu zangu, nikachungulia.

Alimwomba Zuena kanga. Akampa Zuena pindo moja akashika la pili, Zuena akaenda upande ule wa mwisho, wakaipitisha ile kanga kati ya nyumba yangu na paa lake, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nikasema moyoni, ikikwama kwenye kijiti kimoja tu, mguu umekwenda. Shemeji, haikukwama. Ilipita yote.

Ndipo akaiona nguzo. Aliisogelea, akaipapasa, akapandisha kiganja mpaka kwenye panda. Akaenda ya pili, na ya tatu. Zuena alikuwa hajui, sikumwambia naye, maana siri yako niliitunza. Mama akasema, "Hizi ni za baba yako." Akauliza nani amezichimbia hapa. Zuena akasema, "Mume wangu."

Mama akashika ngazi. Zuena alitaka kumsaidia akamkatalia. Alipanda kidato kimoja kimoja, mguu mbovu nyuma, akafika juu, akakaa katikati ya sakafu na kunyoosha miguu yote miwili. Akasema, "Leteni hiyo chai sasa."

Nililia nyuma ya ua. Mimi ndiye niliyezoea kumcheka Zuena akilia. Leo amekwenda kusafishwa mara ya pili, na nesi amesema tumewahi.

Sadala, na safari hii fundi kweli


Korogwe ya Zamani.
19 Aprili 1975

Shemeji Mhina,

Usishtuke ukisikia nyumba yangu imeezuliwa. Sote wazima.

Juzi alasiri upepo ulitoka mtoni na mvua nyuma yake. Ulichukua bati za chumba chetu cha nyuma, zote, moja tumeikuta uani kwa mchungaji wa kanisa. Ukuta ule wa nyuma ulipasuka juu. Ni ukuta uleule ambao boriti zangu zilikuwa zimeingia. Zingekuwa bado zimo, paa la mama lingeondoka na bati, na mama akiwa chini yake. Paa lake halikupoteza hata kuti. Nilitazama zile nguzo upepo unapozipiga, hazikuwa na habari.

Zuena alichukua watoto akakimbilia kwa mama. Mimi nilibaki nimekumbatia bati ya mwisho, naloa. Nikasikia sauti ya mama kwenye matete. "Zuena, mwambie mkwe aingie, atapata homa."

Zuena akasema, "Mama, ni mkwe huyo."

"Najua ni nani. Mimi nitageukia huku na kanga ninayo. Hapa ni kwangu, nami ndiye ninayekaribisha."

Niliingia, shemeji. Nilikaa mlangoni nimempa mgongo, naye amenipa wake, watoto katikati wanakula mahindi ya kuchoma. Mvua ilipiga mpaka magharibi. Nimewahi kukaa kwenye nyumba za watu wengi, lakini sikumbuki niliyoketi nikiwa na raha kama ile.

Kidonda sasa ni kama shilingi, na kikavu.

Sadala


Korogwe ya Zamani.
2 Julai 1975

Mwanangu Mhina,

Hii ninaisema mimi mama yako na Zuena anaandika. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe.

Uliiba nguzo zangu bila kuniuliza. Ungeniuliza ningekataa, kwa hiyo ulifanya vizuri, lakini usirudie. Usiku wa kwanza sikulala. Nilikuwa nazihesabu, wewe ulizaliwa chini ya ile yenye kovu la shoka, na Zuena chini ya ile ya mlangoni. Nilidhani vyote hivyo vimeliwa na mbuzi.

Mkwe ameezeka upya chumba chake. Nimemtumia neno kwamba safari hii nyumba yake nayo aiwekee miti ya mshazari, asione aibu kuiga kwangu. Amefanya. Ni mtu anayesikia. Waambie watu wa huko, wale waliosema nimemwoza binti yangu kambini, kwamba nimesema hivyo, na useme mbele za watu.

Pasheni sikuipenda, nimeng'oa. Nimepandisha mamumunye, yamefunika mbele yote, na wanawake wanaotoka mtoni wanaweka ndoo zao chini wanapumzika kwangu. Mama Yuditha ananifundisha kushona vitambaa. Simwambii kwamba sivipendi.

Jana nilikwenda hospitali. Daktari aliugeuza mguu huku na huku, akatafuta pa kufunga kitambaa akakosa. Akaniambia, "Bibi, nenda, sina kazi na wewe tena." Nikamwuliza kama naweza kutembea mbali. Akasema naweza. Nikamwuliza jambo la pili, akacheka sana, akasema hilo pia naweza.

Umeandika kwamba mwanao Zamda anaolewa mahindi yakishavunwa. Nitakuja. Nitakaa wiki mbili, kisha nitarudi kwangu Korogwe, na nimemkataza Zuena kuanika nguo humo nikiwa sipo.

Nasikia mke wako amekwisha kuwaambia wanawake wanitandikie mkeka pembeni, nikae niangalie ngoma. Mwambie mkeka huo auweke ndani. Nakuja kucheza.

Mimi mama yako,
Mashavu binti Kibwana